Mauser ya mwaka 1871 inatawanya risasi: je, kosa liko kwenye kusubu?

Mjukuu wa Askari

Ndugu wanajukwaa, habari za masiku. Ninaishi Ohio, Marekani, na mwezi Machi nilinunua bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, ile ndefu ya askari wa miguu, yenye alama ya kiwanda cha Spandau. Kwa sheria ya serikali kuu ya Marekani ya mwaka 1968, bunduki ya aina hii iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake huhesabiwa kuwa ya kale, kwa hiyo kuimiliki hakukunipa shida. Kabla ya kuipiga niliipeleka kwa fundi wa bunduki, akaikagua bolti, chumba ambamo risasi hukaa, na kasiba, yaani mtutu, akaniambia kwamba ni nzima ilimradi nitumie baruti nyeusi peke yake.

Naomba niseme kwa nini niliitaka. Baba wa babu yangu alikuwa askari wa Wajerumani huko Tanga, na nyumbani tulisimuliwa tangu utoto kwamba bunduki yake ilitoa moshi mzito kiasi kwamba kila akipiga ilimbidi ahame mahali. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba vita vilipoanza mwaka 1914 kampuni nyingi za askari katika Afrika Mashariki ya Kijerumani zilikuwa bado zinabeba bunduki za mwaka 1871, na zilikuwa nazo katika mapigano ya Tanga ya mwezi Novemba. Yangu si ile fupi waliyopewa wao, lakini chumba chake na risasi yake ni zile zile, nami nataka kujua bunduki hiyo iliweza kufanya nini mikononi mwa mtu anayejua kulenga.

Tatizo langu ni hili. Nilinunua kalibu ya kumiminia risasi iliyoyeyushwa, iliyokwisha kutumika, nikakusanya vipande vya risasi vya kusawazishia magurudumu ya gari, nikayeyusha na kusubu vichwa 60 vya risasi. Kila kichwa kina unene wa milimita 11.30 na uzito wa karibu gramu 24.6. Nilivifunga kwa gramu 5 za baruti nyeusi, kipimo cha jeshi la wakati ule, nikaenda uwanjani na kupiga risasi 10 katika umbali wa yadi 100, yaani kama mita 91. Zilitawanyika eneo la nusu mita, na tatu kati yake zilitoboa karatasi kwa ubavu, tundu refu kama kokwa ya tende. Nilipotazama ndani ya kasiba niliona tabaka la kijivu limeganda kwenye mifereji inayoizungusha risasi, na kulitoa kulinichukua jioni nzima.

Nilichagua madini magumu makusudi, nikiamini kwamba kichwa kigumu kitashika mifereji vizuri zaidi. Je, nilikosea hapo? Au kasiba imekwisha? Au kalibu ndiyo mbaya? Nitashukuru kwa maelezo marefu, maana katika lugha yetu sijaona mtu aliyeandika jambo hili kwa kina.

Kalibu na Koleo

Ndugu Mjukuu, nimefanya kazi ya kusubu kwa miaka 17 hapa Pennsylvania, nikianza na bunduki za mwaka 1873 za jeshi la Marekani na baadaye hizo za Kijerumani. Naomba kwanza tukubaliane juu ya maneno, kwa sababu Kiswahili kinaita madini na kitu kinachoruka kwa jina moja. Nikisema risasi nitakuwa na maana ya madini, na nikisema kichwa nitakuwa na maana ya kile unachokisubu.

Usiilaumu kasiba kabla hujaipima. Chukua donge la risasi laini isiyochanganywa na kitu, kubwa kidogo kuliko tundu, upake mafuta ndani ya kasiba, kisha ulisukume donge hilo taratibu kwa fimbo ya shaba au ya mti mgumu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Litatoka na sura ya kasiba yako: matuta yaliyo kati ya mifereji yatakuwa yamelichimba, na mifereji itakuwa imeacha migongo. Mauser ya mwaka 1871 ina mifereji minne, kwa hiyo kila mfereji unakabiliana na mwenzake na maikromita ya kawaida inatosha kupima kutoka mgongo hadi mgongo. Wakati wa kusukuma tumia mkono wako kama kipimo pia. Donge likiwa zito mwanzoni kisha ghafla likalegea katikati, hapo kasiba imepanuka. Likienda kwa uzito mmoja hadi mwisho, una kasiba njema.

Milimita 11 zinazotajwa kwa bunduki hii ni kipimo cha tundu kati ya tuta na tuta. Mifereji ina kina kikubwa kuliko ya bunduki za kisasa, na nimekwisha kupima Mauser kadhaa ambazo mifereji yake ilifika milimita 11.45 na zaidi. Ikiwa yako ni hivyo, kichwa chako cha 11.30 kinapita bila kuigusa sakafu ya mfereji, na moshi wa moto wa baruti unapenya ubavuni mwake, unayeyusha ngozi yake na kuipaka kwenye chuma. Hilo ndilo tabaka uliloliona. Matundu ya ubavu nayo yana asili hiyo hiyo: kichwa hakikushikwa, hakikuzungushwa ipasavyo, kikatoka kinayumba.

Hapa ndipo ugumu ulipokudhuru. Baruti nyeusi inapolipuka hukipiga kichwa kitakoni kwa nguvu ya ghafla, na kichwa laini hufupika kidogo na kutanuka hadi kuijaza mifereji. Mafundi wa karne ya 19 walilitegemea jambo hilo, na ndiyo maana kichwa cha jeshi cha Mauser kilikuwa cha risasi laini ya gramu 25 kilichovikwa karatasi. Kwa kipimo cha ugumu cha Brinell, risasi tupu ina kama 5, mchanganyiko wa sehemu 30 za risasi kwa sehemu moja ya bati una kama 9, wa sehemu 20 kwa moja una kama 10, na vipande vya magurudumu hufika 12 hivi kwa sababu vina antimoni, madini yanayoigumisha risasi. Tofauti hiyo yaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kichwa chenye antimoni kikiwa chembamba kuliko mfereji hakitanuki vya kutosha kuufunga. Ugumu una mahali pake katika bunduki za baruti isiyo na moshi zinazorusha kichwa kwa kasi kubwa; yako inarusha kwa mita 430 au 440 hivi kwa sekunde, na kwa kasi hiyo mchanganyiko laini unastahimili vizuri.

Kwa hiyo tafuta risasi safi. Mimi hutumia mabomba ya maji ya zamani na bamba za kuezekea, kisha naongeza bati safi hadi nipate sehemu 20 au 25 kwa moja. Kazi ya kwanza ya bati ni kuyafanya madini yatiririke na kuingia kila kona ya kalibu; ugumu linaoleta ni mdogo. Kumbuka pia kwamba risasi laini husinyaa zaidi inapopoa kuliko ile yenye antimoni, hivyo kalibu iliyokupa 11.30 itakupa kichwa chembamba zaidi kwa asilimia ndogo. Kama mfereji wako ni 11.48, tafuta kalibu itakayokupa 11.50 au 11.52. Lakini kabla ya kuagiza, chukua ganda ulilokwisha kulipiga na ujaribu kuingiza kichwa cha unene huo kwa vidole. Kikiingia bila kulazimishwa, chumba kina nafasi. Kikikataa, usikitumie, kwa sababu mdomo wa ganda hautapata pa kufungukia na shinikizo litapanda.

Sasa niseme juu ya kusubu kwenyewe, maana watu wengi hununua kalibu nzuri na kuiharibia kazi kwa haraka.

Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, na mchanganyiko wake na bati huyeyuka chini kidogo ya hapo. Mimi hufanya kazi kati ya nyuzi 380 na 400, na kipimajoto changu hakitoki chunguni. Ukiendelea kutumia vipande vya magurudumu kwa shughuli nyingine, kaa chini ya nyuzi 400, kwa sababu siku hizi vingi ni vya zinki, nayo huyeyuka kwenye nyuzi 419. Chini ya hapo vitaelea na utavikoa kwa upawa, lakini vikishayeyuka chungu kizima kinaharibika na vichwa vinatoka na mikunjo isiyokwisha. Madini yakiisha kuyeyuka, tupia kipande cha nta ya nyuki kama punje ya hindi, washa moshi wake kwa kiberiti ili usikujaze, kisha koroga ukikwangua kuta na sakafu ya chungu. Lile povu la fedha lililokuwa juu litarudi ndani, na utabaki na unga wa kijivu ambao ndio uchafu. Anayeanza huliondoa povu lile mapema akidhani ni mavi ya risasi, kumbe anatupa bati lake.

Kalibu nayo iwe ya moto. Ikiwa baridi au ina mabaki ya mafuta, vichwa vitatoka na mikunjo kama ngozi ya tunda lililosinyaa. Ikiwa ya moto kupita kiasi, vitatoka na weupe wa umande. Umande mwepesi hauna madhara. Ukizidi, pumzika kidogo. Nami hukirudisha chunguni kila kichwa kati ya 10 au 15 vya mwanzo bila kukitazama. Baada ya hapo nashika mwendo mmoja na siuachi, maana ukisimama kupokea simu, kalibu imepoa na vichwa vinavyofuata si ndugu wa vile vilivyotangulia.

Kwa kichwa kirefu na kizito kama hiki, mimi natumia upawa wenye mdomo kuliko chungu chenye bomba la chini. Unabana mdomo wa upawa kwenye tundu la kalibu, unavigeuza vyote viwili pamoja viwe wima, unahesabu hadi tano, na wakati huo uzito wa madini yaliyomo kwenye upawa unaendelea kulisha kichwa kadiri kinavyosinyaa. Ukiondoa upawa, acha donge dogo limebaki juu ya bamba la kukatia lililo juu ya kalibu. Litazame. Litang'aa kama maji, kisha katikati litabonyea, kisha ng'ao litapotea na kuwa kijivu. Subiri sekunde nne au tano baada ya hapo ndipo ulikate. Ukikata mapema, bamba litapaka risasi mbichi kwenye kitako au kuchomoa kishimo katikati yake.

Na kitako ndicho kila kitu. Pua ikiwa na kovu dogo, kichwa bado kitakwenda, lakini kitako kikiwa na pembe iliyozunguka upande mmoja, moto utatoka upande huo kwanza kichwa kinapoacha mdomo wa kasiba na kukisukuma pembeni. Mimi huvikagua vitako kwa lenzi chini ya taa, kimoja kimoja, na pembe ambayo si kali kama ya sarafu mpya inarudi chunguni. Baada ya hapo napima uzito. Andika uzito wa kila kichwa, uone vingi vimesongamana wapi. Vilivyo vyepesi kwa zaidi ya gramu 0.1 chini ya kundi hilo vina tundu la hewa ndani, na tundu hilo haliko katikati.

Mwisho, mafuta. Baruti nyeusi huacha masizi mengi, na mafuta yatokanayo na petroli huyageuza kuwa kama lami. Changanya nta ya nyuki na shahamu ya mbuzi au ya kondoo, nusu kwa nusu, uyajaze kwenye mifereji ya kichwa.

Msomaji wa Kilosa

Mzee, nimefuatilia kwa makini. Nyumbani kwetu liko gobori la marehemu babu, je, mafunzo haya yanalifaa?

Kalibu na Koleo

Ndugu yangu, usilipige na usilisubie kitu. Tanzania sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015 hairuhusu mtu kutengeneza risasi bila leseni, na hata kukaa na gobori kunahitaji kibali. Nenda polisi ukaulize namna ya kuliandikisha. Zaidi ya hayo, gobori la zamani ambalo kasiba yake haijakaguliwa linaweza kumpasukia mpigaji usoni.

Mwana wa Matrah

Assalamu alaikum. Nilizaliwa Oman kwa wazazi waliotoka Unguja, na sasa ninaishi Uingereza, ambako ninapiga bunduki ya kale ya Martini-Henry kwa kibali. Nyumbani kwetu Martini ya babu ilikuwa ukutani barazani, kwa maana Muscat ilikuwa soko kubwa la bunduki mwishoni mwa karne ya 19, na wazee wengi wa Oman wangali wanazitunza kama urithi. Ninakubaliana na mzee Kalibu karibu katika yote, ila nataka kuongeza juu ya karatasi, ambayo ameitaja kwa neno moja tu.

Martini ilikubaliwa na jeshi la Uingereza mwaka 1871, mwaka ule ule unaopewa Mauser yako. Kichwa chake kilikuwa na gramu 31 hivi, kimesubiwa kwa sehemu 12 za risasi na moja ya bati, kikavikwa karatasi, na nyuma yake wakaweka kisahani cha nta ya nyuki. Waingereza walichagua mchanganyiko mgumu kuliko wa Wajerumani, na bado karatasi ilikuwapo. Karatasi inakizuia kichwa kisikutane na chuma, kwa hiyo hakuna cha kuganda kwenye mifereji, na inakuruhusu kutumia kichwa chembamba bila ya kununua kalibu mpya.

Hesabu yake ni nyepesi. Karatasi ya pamba ninayotumia ina unene wa milimita 0.05. Inazungushwa mara mbili, kwa hiyo kila upande wa kichwa una tabaka mbili, na ukipima kutoka upande hadi upande ni tabaka nne, yaani milimita 0.20. Kichwa chako cha 11.30 kikivikwa kitakuwa 11.50. Ikiwa mifereji yako ni 11.48 kama anavyokisia mzee, umefika, bila ya kugharimika.

Unakata kipande chenye umbo la msambamba, ncha zake zimelala upande, ili mwanzo na mwisho vikutane bila ya kupandana. Ikipandana, kuna upande mmoja wenye tabaka tatu, na kichwa kitakaa kombo. Ichovye majini, itikise, iweke juu ya kipande cha mpira au ngozi, kisha ukiviringishe kichwa juu yake kwa vidole viwili kama unavyosokota sigara. Ncha inayobaki nyuma ikunje kitakoni. Iache ikauke usiku mzima, nayo itajibana yenyewe. Nilivyoharibu vya kwanza ni karibu mia, kwa kuwa niliivuta sana karatasi ilipokuwa mbichi ikachanika pembeni.

Uwanjani, baada ya kupiga, tembea hatua tano au sita mbele ya mahali pa kupigia, kama uwanja unaruhusu na bunduki zote zimewekwa chini. Ukiona vipande vidogo vidogo kama unga wa karatasi iliyonyofolewa, mifereji imeikata vizuri. Ukiokota kipande kizima kama pete, jua kwamba kilikwenda pamoja na kichwa na kukivuta upande, nayo ni dalili ya karatasi ngumu mno au mafuta mengi.

Jambo moja juu ya kupima, kwa wenye Martini. Kasiba yake ina mifereji saba, basi kila mfereji unatazamana na tuta, na maikromita ya kawaida itakudanganya. Mimi nililaza donge langu kwenye kitalu chenye umbo la V kilichotengenezwa kwa hesabu ya mifereji saba, cha rafiki yangu mmoja wa karakana. Kwa mwenye kukosa, subu vichwa vya unene mbalimbali ujaribu kidogo kidogo.

Muuguzi wa Likoni

Ndugu zangu, mimi sipigi bunduki, lakini nimefanya kazi ya uuguzi Mombasa na nimeona watoto wa watu waliokaa karibu na moto wa risasi. Wengi mnaikumbuka Owino Uhuru, pale Mikindani, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watu sumu, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Kwa hiyo naomba mniruhusu niweke haya katika mjadala wenu.

Kwanza, msitumie kamwe risasi ya betri za gari, hata kama inapatikana bure. Ina asidi, na ndani ya sahani zake mna antimoni na aseniki, ambazo zinaweza kutoa gesi za kuua.

Pili, watu huogopa moshi wa chungu na kusahau vumbi. Kwenye nyuzi 400 risasi yenyewe haitoi mvuke mwingi. Lakini ule unga wa kijivu mnaouondoa juu ni risasi iliyogeuka vumbi, unaelea, unakaa kwenye nguo, nywele na meza, na kutoka hapo unafika mdomoni. Uwekeni moja kwa moja ndani ya kopo lenye kifuniko. Msifagie sakafu kavu. Pangusieni kitambaa chenye maji. Fanyeni kazi nje au mlango ukiwa wazi na upepo ukitoka mgongoni mwenu. Msile, msinywe, msivute sigara. Mkimaliza, nawieni mikono kwa sabuni na maji ya baridi, na nguo zile zifuliwe peke yake. Chungu na upawa visirudi jikoni hata mara moja.

Kwa mwenye watoto nyumbani au mke mjamzito, hakuna kusubu ndani ya nyumba. Huko Marekani, tangu mwaka 2021, mtoto mwenye mikrogramu 3.5 za risasi katika desilita moja ya damu huhesabiwa kuwa na kiwango kinachohitaji kufuatiliwa, na hicho ni kiasi kidogo sana. Pimeni damu yenu mara moja kwa mwaka. Mwambieni daktari shughuli mnayoifanya, kwa kuwa yeye hatawaza kuuliza.

Kalibu na Koleo

Dada Muuguzi, ahsante sana, na ningepaswa kuyasema hayo kabla ya yote. Nami naongeza moja ambalo nililiona kwa macho yangu. Maji na risasi iliyoyeyuka havikutani. Miaka ya mwanzo nilitumbukiza kipande cha bomba ambacho ndani yake kulikuwa na unyevu nisiouona. Unyevu ule uligeuka mvuke chini ya madini, na nusu ya chungu ikaruka hadi darini. Nilikuwa na miwani ya kazi na glavu ndefu za ngozi, ndiyo sababu ninaandika haya nikiwa na macho mawili. Pasha moto kila kipande kandokando ya chungu kabla ya kukitia, na jasho lisidondoke.

Mjukuu wa Askari

Wazee wangu na dada yangu, nimerejea baada ya wiki saba, na nimekuja na majibu.

Nilisukuma donge kama nilivyoelekezwa. Lilikwenda kwa uzito mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, na mifereji ilipima milimita 11.47, kwa hiyo kasiba ni nzima na mzee alikisia kwa tofauti ya uzi mmoja tu. Vichwa vyangu 50 vilivyobaki nilivikagua vitako kwa lenzi kabla ya kuvitenga. Nilipata 19 vyenye pembe iliyoviringika na 6 vyenye kishimo katikati, na nilikumbuka vizuri kwamba siku ile nilikuwa nakata donge likiwa bado linang'aa.

Sikununua kalibu. Nilinunua kilo 10 za risasi ya bamba la kuezekea na nusu kilo ya bati, nikapata sehemu 20 kwa moja, nikafanya kazi nje ya karakana na chungu kwenye nyuzi 385. Ule mchezo wa donge kubonyea na kupoteza ng'ao nilijifunza kuutazama hadi nikawa nausikia mkononi kabla ya kuuona. Vichwa vilitoka milimita 11.28 na gramu 25.2 kwa wastani. Kati ya 80 nilibakiza 52, na uzito wao haukupishana kwa zaidi ya gramu 0.08. Kisha nikavivika karatasi kama alivyofundisha ndugu wa Matrah, vikafika 11.48, na vyote viliingia kwenye maganda yaliyopigwa bila kulazimishwa.

Baruti ni ile ile, gramu 5, nikaongeza kisahani cha nta. Kwa yadi 100 risasi 10 zilikaa ndani ya upana wa sentimita 9, na hakuna hata moja iliyotoboa kwa ubavu. Kasiba niliisafisha kwa maji ya moto, ikatoka nyeusi mara mbili kisha ikang'aa. Mbele ya meza niliokota karatasi iliyokatika vipande vyembamba kama majani makavu ya chai.

Limebaki jambo moja. Upana ni sentimita 9, lakini kwenda juu ni sentimita 17, na zile za mwisho ndizo zilizopanda. Je, hili nalo ni la kusubu?

Kalibu na Koleo

Hongera, ndugu yangu, nimefurahi mno. Hapana, hilo si la kusubu, maana kosa la kichwa hutupa huku na huko bila mpangilio, na zako zimepanda kwa zamu. Masizi yanakauka kasibani na kila risasi inakutana na njia ngumu kuliko iliyotangulia. Baada ya kila risasi fungua bolti, hakikisha chumba ni kitupu, pitisha kitambaa kilicholoa maji kutoka upande wa nyuma, kisha kimoja kikavu, ndipo ufunge nyingine. Wengine huweka mrija chumbani na kupuliza pumzi ndefu tatu au nne ili unyevu ulainishe masizi, nayo inafaa siku ya baridi, lakini Ohio mwezi wa Julai anza na kitambaa.

Mwana wa Matrah

Na ukipiga tena, hesabu kwa saa muda unaopita kati ya risasi na risasi. Kwa Martini yangu, nikizidisha dakika mbili juani, masizi yanakuwa kama mchanga hata kama nilipangusa.